Jumamosi nane za kuunganisha sentensi, Mwembe Tayari

Ada ya darasa hili la kuunganisha sentensi ni shilingi 6,000 kwa Jumamosi nane, saa tisa mchana hadi saa kumi na moja jioni, ghorofa ya pili juu ya duka la vitambaa, Mwembe Tayari, Mombasa. Naanza na bei kwa sababu ndiyo ya kwanza kuulizwa na wenzangu kazini. Jibu langu ni kwamba pesa yangu imekwenda halali, ila kuna mawili matatu yaliyonikera, na nitayasema.

Mimi ni karani katika ofisi inayowatolea watu mizigo bandarini. Kutwa nzima naandika: barua ya mteja, ripoti ya mzigo uliokwama, maelezo ya kwa nini kontena lililotarajiwa Jumanne limetoka Ijumaa. Kwa miaka kumi na miwili nimeandika hivi: "Kontena limefika. Karatasi hazijakamilika. Tunamngoja mteja. Mteja hajajibu." Bosi wangu husema ripoti zangu ni telegramu zilizochelewa kufika. Nilikuwa nikichukulia hiyo ni sifa. Shuleni tulikaririshwa kwamba sentensi fupi haikosei, na kwa kweli haikosei. Tatizo ni kwamba ukizisoma ishirini zikifuatana, usingizi unakuchukua kwenye ya tisa.

Chumba chenyewe si cha kujivunia. Kuna madawati ya shule, ubao mweupe wenye doa la wino lisilofutika, na feni moja inayozunguka kana kwamba yadai mshahara. Dirisha linaangalia barabara, kwa hivyo kila baada ya dakika mbili unasikia makanga wakigombania abiria wa Magongo. Tulikuwa kumi na mmoja: vijana watano wa kidato cha nne, mama mmoja wa Majengo anayeuza mahamri na anayetaka kuandika habari za mtaa wake, mlinzi wa benki, wengine wa ofisini kama mimi. Mwalimu ni mzee mstaafu mwenye kofia ya kiua na miwani iliyofungwa uzi upande mmoja.

Siku ya kwanza hakutupa hotuba. Aliingia, akaitikia salamu, akaandika ubaoni:

Feri ilifika Likoni. Watu walikuwa wengi. Mama mmoja alikuwa na kuku. Kuku alikuwa kwenye kikapu. Kuku alitoka. Watu walicheka.

"Zifanyeni sentensi mbili," akasema, "na mtu asinitajie sarufi." Akaketi, akafungua gazeti.

Mimi nilijiona hodari. Nikaandika: "Feri ilifika Likoni na watu walikuwa wengi na mama mmoja alikuwa na kuku ambaye alikuwa kwenye kikapu na kuku alitoka na watu walicheka." Alikichukua kitabu changu akaisoma kwa sauti, mfululizo, bila kuvuta pumzi, na alipofika mwisho akajishika kifua. "Mwanangu, hapa hukuunganisha. Umezifunga kamba moja shingoni, kama mbuzi wa Idi."

Darasa zima lilicheka. Hata mimi.

Kijana mmoja wa kidato cha nne alikuwa ameandika: "Feri ilipofika Likoni, kuku wa mama mmoja alichomoka kikapuni katikati ya umati. Watu wakacheka." Tazama zilikokwenda zile "alikuwa" tatu. "Watu walikuwa wengi" imekuwa umati. "Mama alikuwa na kuku" imekuwa kuku wa mama. "Kuku alikuwa kwenye kikapu" imebaki herufi mbili tu, ni, mwishoni mwa kikapu. Sentensi tatu zimemezwa na hakuna kilichopotea. Yule mama wa mahamri naye akasoma yake: "Kuku alichomoka kikapuni feri ikigusa gati, na mwenyewe akawa wa kwanza kucheka." Mwalimu akamwambia hayo ya mwenyewe kucheka hayamo ubaoni. "Hayamo," akajibu, "lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwapo."

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba 6,000 zangu hazikutupwa. Kiswahili kina vifungo vyake, na vingi vimo tumboni mwa kitenzi. Ukisema "ilipofika", hiyo po imekupa wakati. Ukisema "ikigusa", ki imekwambia mambo mawili yanatokea pamoja. "Wakacheka" ina ka, nayo yakwambia hili lilifuata lile. Tunavitumia mchana kutwa tukizungumza, hata mtoto wa miaka minne atakwambia "nikaanguka nikalia". Lakini mtu akishika kalamu anavisahau vyote, anabaki na "na" na "ambaye".

Mwalimu alitueleza kwamba mazoezi ya namna hii hayakuzaliwa Mombasa. Huko Marekani yalijaribiwa miaka ya 1960, na mwaka 1973 Frank O'Hare alichapisha utafiti wake juu ya wanafunzi wa darasa la saba waliofanya mazoezi ya kuunganisha sentensi bila kufundishwa istilahi za sarufi, na uandishi wao ukawapita wenzao. Lakini mazoezi yale ni ya Kiingereza, ambacho kwa kawaida hufunga sentensi kwa maneno yanayosimama nje ya kitenzi. Huwezi kuyatafsiri ukayaleta hapa. Kwa hivyo mzee ametunga yake mwenyewe, na yamejaa feri, soko la Marikiti, na bei za nazi. (Ile ahadi ya kutotaja sarufi ilidumu wiki mbili. Wiki ya tatu ubao ulikuwa umejaa vishazi tegemezi.)

Wiki hiyo ya tatu ilikuwa ya kile anachokiita ugonjwa wa amba. Kila mtu alileta ukurasa mmoja wa maandishi yake, naye akazungushia kila amba kalamu nyekundu. Wangu ulitoka kama mtoto mwenye surua, kumi na nne. "Kontena ambalo lilifika jana" kwa nini, wakati "kontena lililofika jana" lipo na ni fupi? "Mteja ambaye analipa" ni "mteja anayelipa". Ila hakuifukuza amba kabisa, na hilo nililipenda. Kitenzi chenye me hakina nafasi ya kuingiza kirejeshi, yaani ile lo ya "lililofika" au ye ya "anayelipa", kwa hivyo "kontena ambalo limefika" lazima libaki hivyo hivyo. Kisha akatuonyesha kosa ambalo sikuwa nimewahi kuliona katika maandishi yangu: "mzigo mteja alioutaka". Neno na kitenzi kinacholirejelea hukaa bega kwa bega, kwa hivyo ni "mzigo alioutaka mteja". "Hao ni mke na mume," akasema. "Wewe wamweka mteja katikati afanye nini?"

Vijana wa kidato cha nne ndio waliokuwa na malalamiko, na hawakukosea. Karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, yataka insha mbili, ya kwanza ya lazima, kila moja alama 20 na isipungue maneno 400. Sasa, kuunganisha kunakula maneno. Zile sentensi sita za kuku zina maneno kumi na tisa. Za yule kijana zina kumi na manne. "Mwalimu, tukiandika hivi hatufiki 400," mmoja akanung'unika. Mzee akamjibu kwamba nafasi aliyoiokoa aijaze habari: kuku wa rangi gani, nani alimshika, alirudi kikapuni ama aliishia majini? Sijui kama yule kijana aliridhika, lakini Jumamosi iliyofuata kuku wake alikuwa na rangi, na mbio zake kwenye feri zilichukua nusu ukurasa.

Jumamosi ya tano ndiyo iliyonifaa zaidi ya zote. Tuliambiwa tulete maandishi ya kazini, majina yakiwa yamefutwa. Nikaleta haya (muhuri ni kile kifungo cha mlango wa kontena, kikikatika huenda limefunguliwa):

Kontena lilitoka bandarini Jumatatu. Dereva alilala njiani. Muhuri ulikutwa umekatika. Mteja amelalamika.

Nikaunganisha: "Mteja amelalamika kwamba muhuri wa kontena lililotoka bandarini Jumatatu ulikutwa umekatika kwa kuwa dereva alilala njiani." Hakuna amba hata moja. Nikamtazama Mwalimu nikingoja sifa.

Akaweka kidole juu ya "kwa kuwa". "Hii umeitoa wapi? Wewe ulikuwapo?"

Sikuwapo. Nilijaribu "baada ya", nikajaribu "na", nikajaribu "ingawa" ambayo ilichekesha tu. Kila kiungo kilisema jambo lake juu ya yule dereva, na mimi sikuwa na ushahidi wa hata moja. Ndipo nilipotambua nilichokuwa nikifanya miaka yote hiyo. Zile sentensi nne fupi hazimlaumu mtu, lakini nilikuwa nimezipanga makusudi ili msomaji amlaumu dereva mwenyewe, mimi nikiwa nimekaa pembeni mikono safi. Nilikuwa namchongea mtu kwa nukta.

Jumatatu nilimpigia dereva. Akaniambia alilala, ndiyo, lakini asubuhi aliukagua muhuri kabla ya kuwasha gari na ulikuwa mzima. Nikaiandika ripoti upya: "Muhuri, ambao dereva anasema aliukagua asubuhi kabla ya kuondoka akaukuta mzima, ulikutwa umekatika kontena lilipofika kwa mteja." Amba hapo ina kazi yake, na Mwalimu hakuizungushia kalamu. Bosi aliisoma mara mbili, kisha akauliza jambo ambalo hakuwahi kuniuliza kwa zile telegramu: kwani pale kwa mteja ni nani aliyelipokea kontena?

Sasa yaliyonikera.

Karatasi za mazoezi ni nakala ya nakala. Za wiki ya nne zilififia hata tukalazimika kusomeana, na mlinzi wa benki, ambaye macho yake si mazuri, aliacha kuziomba kabisa. Jumamosi ya sita na ya saba zilikwenda kwa alama za uakifishaji. Ni jambo la nusu saa hilo, sana sana saa moja, lakini mzee ana hadithi ya kila mkato. Ukikosa siku, umekosa, hakuna kurudiwa. Mimi nilikosa moja kwa msiba na nikapewa karatasi mkononi, nayo ilikuwa imefifia.

Kubwa zaidi ni hili. Mwalimu anazipenda sentensi ndefu kupita kiasi. Siku moja alitusomea moja aliyoitunga mwenyewe, na ilipoisha matatu mbili zilikuwa zimejaa na kuondoka pale chini. Ilikuwa sahihi, viungo vyote mahali pake, na hakuna aliyekumbuka ilianzia wapi. Darasa linakufundisha kuunganisha, lakini halikufundishi lini uache. Nilitaka kuandika juu ya nyanya yangu, aliyeihama nyumba yake ya Kibokoni baada ya babu kufariki. Nilikuwa nimeandika: "Nyanya alifunga mlango. Hakuufungua tena." Yeye akataka: "Nyanya alifunga mlango ambao hakuufungua tena." Kwa kanuni zake mwenyewe ile amba ilikuwa halali, lakini si hoja yangu. Hoja yangu ni kwamba pale kwenye nukta ndipo mlango unapofungwa. Ukiiondoa, unabaki na maelezo ya mlango.

Nikamwambia hivyo, kwa heshima, maana ni mzee wangu. Akavua miwani, akaufuta uzi badala ya kioo, akasoma tena kimoyomoyo. "Acha hivyo," akasema, akageukia dawati la pili.

Hayo ndiyo mafunzo yote tuliyopewa juu ya sentensi fupi, maneno mawili. Ningetaka Jumamosi nzima. Zile mbili za uakifishaji zingetosha kabisa.

Kwa anayetaka kwenda: malipo ni kwa M-Pesa na unaweza kuyagawa mara mbili. Kaa safu ya dirishani, utapata upepo, kelele utazizoea kufikia wiki ya pili. Beba maji na kalamu ya pili. Kama ni mwanafunzi wa kidato cha nne, nenda mapema mwaka, usingoje muhula wa tatu, kwa sababu mbinu hii inakuchelewesha kwanza kabla ya kukuharakisha, na chumba cha mtihani si pa kujifunzia. Kama waandika ripoti kazini, nenda hata kwa ile Jumamosi ya tano peke yake. Kama waandika mashairi, sidhani.

Nampa Mwalimu nyota nne kwa tano. Ametangaza kwamba darasa lijalo ada itapanda hadi shilingi 7,000. Nimemwambia nitajiandikisha tena, lakini kwanza anunue feni ya pili.