Manukato ya Light Blue au Daisy kwa mchana wa joto Moshi

Januari na Februari Moshi si miezi ya udi mchana. Ndani ya daladala ya Majengo saa saba, harufu nzito inawachosha hata waliokaa nyuma.

Light Blue ya Dolce & Gabbana, ya mwaka 2001, inafunguka kwa limau la Sisilia na tufaha, kisha yasmini na waridi jeupe, na chini kabisa mwerezi na miski. Ule mwanzo ni kama kunawa uso kwa maji ya mlimani. Naupenda mno! Ila harufu ya limau ni nyepesi, huruka mapema juani, kwa hiyo beba kichupa kidogo mkobani.

Daisy ya Marc Jacobs, ya 2007, ina utamu wa stroberi, violeti na gadenia, na vanila kwa mbali. Ni ya upole, inafaa ofisini au kwenye kipaimara.

Kwa jua kali nachukua Light Blue. Paka kwanza mafuta yasiyo na harufu; ngozi kavu haishiki manukato.