Kengele ya jetiski ikilia: mita na kipimajoto nilivyovijaribu Bamburi

Asalaam aleikum, hamjambo nyote. Leo niko Bamburi, Mombasa, chini ya mivinje. Maji yamekupwa, ndiyo mwaona jetiski zote, hizi pikipiki za majini, zimepandishwa mchangani. Nafasi nzuri ya kufungua kiti cha hii moja tukazungumza.

Mkononi nina vitu viwili. Hii ni mita ya umeme, ile ile wanayotembea nayo mafundi wa nyumba. Na hiki ni kipimajoto cha bunduki, unakielekeza kwenye chuma kinakupa joto bila kugusa. Vyote viwili nimenunua mjini kwa shilingi 3,400, pesa yangu mwenyewe, hakuna aliyenipa ili nimsifu. Nimevitumia miezi minne kwa kazi moja tu: jetiski ikipiga kengele na taa nyekundu kuwaka, nijue sensa, kile kifaa kidogo kinachoipimia injini joto au oili, yasema kweli au imekufa.

Na kwa nini nalikazania jambo hili? Mwenye jetiski hii ni kijana anayekodisha wageni hapa pwani. Taa iliwaka. Akaambiwa ni sensa ya joto, akanunua. Taa haikuzima. Akaambiwa basi ni sensa ya oili, akanunua tena. Haikuzima. Pesa ya ada ya mtoto imeishia kwenye vipande viwili vya shaba na plastiki, na hakuna hata mmoja aliyetoa kifaa akapima. Hilo liliniuma sana.

Sasa njooni karibu. Kwanza nimechomoa kamba ya usalama, na kiti nimekiacha wazi kwa muda ili mvuke wa petroli utoke, msirukie waya kabla ya hapo. Hii ni plagi ya sensa ya joto. Naibana hapa pembeni, naivuta. Mwaona ndani? Kuna vipini viwili. Cha kwanza kinang'aa. Cha pili kimeota ukungu wa kijani, na huku kwenye mpira wa kuzuia maji kuna ufa mdogo kama unywele. Chumvi imepita hapo. Basi. Sensa aliyoitoa mwanzo akaitupa kwenye ndoo ilikuwa nzima, na nitawaonyesha.

Sensa hizi za joto kazi yake ni nyepesi kuelewa: ikiwa baridi, inazuia umeme sana, ikipata moto, inazuia kidogo. Zile za Bosch, kwa mfano, zina omu 2,500 hivi (omu ndicho kipimo cha kuzuia umeme) kwenye nyuzi 20, na kwenye maji yanayochemka zinashuka mpaka karibu omu 187. Mashine yako iangalie jedwali lake kwenye kitabu cha ufundi, namba hazifanani zote. Lakini kushuka, lazima ishuke, na ishuke taratibu bila kuruka.

Nimekuja na sufuria na jiko la mkaa. Sensa ya kwenye ndoo naining'iniza kwa uzi, ncha ya shaba majini, plagi juu isilowe. Maji ni ya kawaida, nyuzi 30 kwa hali ya hewa yetu. Mita inasema 1,712. Moto unakolea... 1,200... 900... tazameni namba zinavyoteremka. 610. Sasa maji yanaanza kutokota pembeni. 330. Na hapa yamechemka kabisa: 189. Hii sensa ina kosa gani, jamani? Haina.

Waya ukikatika au kipini kikioza, kompyuta ya injini inaona kizuizi kikubwa mno, kwa hesabu yake ni kama injini iko kwenye barafu. Inajua hilo haliwezekani, inawasha taa. Kwenye mashine zinazotoa namba za hitilafu, mara nyingi itakuwa P0118. Waya ukigusana na bodi inakuwa kinyume, P0117. Hizo mbili zinazungumzia njia ya umeme. P0217 ni habari nyingine kabisa, hiyo inakwambia injini imechemka kweli. Anayekuuzia sensa kwa sababu ya P0217 bila kutazama maji, mwambie asubiri.

Na hapo ndipo kipimajoto kinapoingia. Sio jetiski zote zinapozwa sawa. WaveRunner za Yamaha zinavuta maji ya bahari na kuyapitisha ndani ya injini yenyewe. Sea-Doo za injini ya Rotax 4-TEC zina maji yao ya rejeta yanayozunguka, yanapozwa na bamba lililo chini ya mashine, na ekzosi ndiyo inayopozwa kwa maji ya bahari. Kwa hiyo nyuzi za mwani zikiziba njia, au ukipita maji ya magoti wakati wa kupwa ukafyonza mchanga, zitaumia kwa namna tofauti. Wiki iliyopita nilitoa mshipi wa nailoni uliojiviringa kwenye impela, ile feni inayosukuma maji nyuma, umekaza kama uzi kwenye kibiringo. Sensa ilikuwa inalia kwa haki yake, na mwenyewe alikuwa ameshaanza kutafuta waya wa kengele aukate. Tafadhali, ndugu zangu, waya ule usikatwe. Kengele ikilia na mwendo ukapungua wenyewe, injini inajilinda. Ukiinyamazisha, utakachonunua baadaye ni injini nzima.

Matumizi ya bunduki hii yana jambo moja la kujua. Chuma kinachong'aa kinaidanganya, inasoma joto dogo kuliko lililopo. Bandika kipande cha tepu nyeusi kwenye kichwa cha injini, ndipo upime hapo. Na usogee, ukikaa mbali inapima duara kubwa, inachanganya na joto la plastiki ya jirani. Kasoro yake: saa sita mchana hapa ufukweni ile nukta nyekundu huioni kabisa. Mimi huweka kivuli kwa kofia.

Mita nayo si kamilifu. Vijiti vyake ni vinene, haviingii kwenye plagi hizi ndogo. Msivilazimishe, mtapanua kipini na kujiongezea tatizo; mimi hutumia pini mbili za kushonea. Haipendi maji hata tone, kwa hiyo naiweka kwenye mfuko wa plastiki wa kufunga. Lakini inanipimia na betri pia: betri iliyojaa na kupumzika isome volti 12.6 hivi, injini ikinguruma ipande juu ya 13. Betri dhaifu inaweza kuleta taa za ajabu ajabu.

Wengi mmeniuliza kuhusu skana ya gari, ile ya kusoma namba za hitilafu. Haichomeki huku, okoeni pesa. Mita nunueni leo. Kipimajoto, kama una mashine moja ya kujifurahisha, azima kwa jirani; kama unakodisha, nunua.

Kipini hiki nimekisugua kwa brashi laini na dawa ya kusafishia viunganishi, nikabadilisha mpira wa plagi, nikapaka grisi ya umeme, si ile ya beringi. Sensa ya zamani nimeirudisha. Mkijaribu nchi kavu kwa mpira wa bomba, washeni injini kwanza ndipo mfungue maji, na mkimaliza fungeni maji kabla ya kuzima injini, la sivyo maji yanarudi mpaka kwenye silinda. Na msiiache ikinguruma hivyo zaidi ya dakika mbili.

Sisi hatuna haja, maji yameanza kujaa. Kijana ameitoa mpaka karibu na mwamba na kurudi, dakika 20. Leteni kamera huku kwenye skrini. Hakuna taa. Tepu nyeusi inasoma nyuzi 71, na yeye mwenyewe hajashuka bado, anataka kuzunguka tena.