Mpunga chotara: nasaba tatu au mbili?

Mpunga hujichavusha wenyewe, hivyo mzalishaji wa mbegu chotara huhitaji kwanza mmea usio na chavua hai.

Mfumo wa nasaba tatu, yaani koo tatu za mimea wazazi, uliokamilika China mwaka 1973, hutegemea zaidi jeni WA352 ya mitokondria (vinu vya nishati vya seli), inayoufanya mmea mama kuwa tasa. Utando unaolisha chavua hufa mapema mno. Vifuko vya chavua hubaki vimenyauka, bila unga wa manjano. Huhitajika nasaba ya pili ya kuidumisha hiyo tasa, na ya tatu, baba mwenye jeni kama Rf4 inayorudisha rutuba.

Nasaba mbili hunivutia zaidi. Penye kasoro ya jeni tms5, joto likipanda mmea huwa tasa. Likishuka, hujizalishia mbegu. Karibu aina yoyote yafaa kuwa baba. Lakini baridi ikipiga siku chache tu vifuko vikiumbika, chavua hurudi, na mbegu za kujichavusha huchanganyika na zile chotara.