Kuchomeka kadi (bodi ya saketi) kwenye mashine bila kuizima: pini ndefu na rezista, au chipu ya kontrola?

Shida yenyewe ni kapasita, vile vifaa vya kutunza chaji ya umeme. Kadi ikiingia kapasita zake ziko tupu, kwa umeme hiyo ni kama shoti kabisa, cheche inaruka kwenye pini inaacha kidoa cheusi juu ya dhahabu, volti ya mfumo inashuka na kadi za jirani zinajirizeti.

Njia ya pini ni rahisi: pini ya graundi ndefu inagusa kwanza, halafu ya pawa yenye rezista (inabana mkondo), mwisho zile fupi zinazopitisha pawa moja kwa moja bila rezista. Chukua 12 V, kapasita ya 1000 µF na rezista ya om 10, mkondo hauzidi 1.2 A na kujaa ni kama milisekunde 50. Ila inategemea mkono wa fundi! Ukiisukuma kwa nguvu pini fupi zinafika kapasita hazijajaa, na kadi ikiwa na shoti ndani rezista haikuokoi.

Kontrola inasubiri kwanza pini zitulie, ndo inafungua MOSFET (swichi ya kielektroniki ya kupitisha pawa) polepole huku inapima mkondo, ikiona umezidi inakata. Ghali kidogo, na angalieni sana hiyo MOSFET maana wakati wa kufunguka inabeba volti na mkondo kwa pamoja, ukichagua ndogo inaungua.

Mimi kadi ndogo ya wati chache naweka pini tu, ila mfumo wa 48 V siugusi bila kontrola, na pini ya graundi ndefu naiacha palepale.