Spurs na Thunder, 9 Oktoba 2023: Acha Pointi, Tazama Wanasimama Wapi

Karibuni tena wadau. Leo mezani tuna mkanda mmoja tu: Oklahoma City Thunder na San Antonio Spurs, 9 Oktoba 2023, mechi ya maandalizi ya msimu wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani. Thunder walishinda 122 kwa 121. Yasikieni matokeo hayo kisha myasahau, maana hayakuingia kwenye msimamo wowote.

Kwa nini mkanda wa zamani? Kwa sababu kila Oktoba mechi hizi zikianza, maneno ni yale yale: fulani kaiva, fulani kaisha, fulani auzwe kesho asubuhi. Na mkanda huu una utamu ambao mechi ya jana usiku haina. Majibu yake tunayo. Tunajua nini kilitudanganya na nini kilikuwa kweli.

Macho yote usiku ule yalikuwa kwa Victor Wembanyama. Miaka 19, chaguo la kwanza la Spurs na la ligi nzima kwenye drafti (zamu za timu kuchagua vijana wapya) ya Juni 2023, mita 2.24, na akinyoosha mikono, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole ni mita 2.43. Mama ni Mfaransa, baba ana asili ya Kongo, kwa hiyo wadau wa Lubumbashi na Goma mna haki ya kujidai kidogo. Na jina lake ulimi wa Kiswahili unalitamka bila kujikwaa: We-mba-nya-ma. Ule mzaha wa nyama tumeshausikia, asanteni.

Alifunga pointi 20 kwa dakika 19, na ribaundi 5 (mipira anayoidaka baada ya mtupo kukosa). Upande wa pili alikuwepo Chet Holmgren, mita 2.16, aliyekaa nje msimu mzima wa 2022-23 kwa jeraha la mguu wa kulia. Yeye alifunga 21 kwa dakika 16, ribaundi 9. Hawa wawili walikuwa wanafahamiana: mwaka 2021 huko Latvia walikutana fainali ya Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 19, Marekani wakaifunga Ufaransa 83 kwa 81.

Sasa tupige hesabu inayowaponza wengi. Kwenye kikapu tunapenda kupima pointi za mchezaji kwa kila dakika 36, kwa sababu huo ndio muda ambao nyota anakaa uwanjani kwenye mechi ya kweli. Chukua 20, gawanya kwa 19, zidisha kwa 36. Unapata karibu 38. Holmgren unapata 47! Msimu ulipokwisha, Wembanyama alikuwa na wastani wa 21.4 kwa dakika 29.7, yaani kama 26 kwa dakika 36. Holmgren 16.5 kwa dakika 29.4, kama 20 hivi. Ni wachezaji wakali wote wawili, lakini pengo kati ya 47 na 20 si dogo.

Pengo hilo linatoka wapi? Kwanza, mechi ya maandalizi kocha hafungui daftari. Hatumi watu wawili kumbana mtu mmoja, hana mpango maalumu wa kumzuia mgeni, anataka kuona mabeki wake wakicheza ulinzi wa kawaida. Pili, nyota anaingia dakika tano au sita, anatoka, anapumua, anarudi akiwa mbichi. Tatu, na hili watu hulisahau kabisa, ukiwa uwanjani unakabana na nani? Mwaka ule timu iliruhusiwa kuwa na wachezaji 21 kambini, na msimu ukianza wabaki 18: mikataba 15 ya kawaida na 3 ya wale wanaopanda na kushuka ligi ya chini. Kwa hiyo kota ya nne ya mechi kama hii ni usaili wa kazi. Kijana anarusha mpira ambao Januari asingeuthubutu. Kwa vile Wembanyama alikaa benchi dakika 29 kati ya 48, na Holmgren 32, ile pointi moja ya ushindi haisemi lolote kuhusu wao.

Pointi tumezitupa. Kinachobaki ni pale walipowekwa, na hapo maandalizi ya Spurs yalikuwa wazi kuliko watu walivyotaka kuona.

Jambo lenyewe ni Jeremy Sochan kuwa namba moja, yaani kiungo anayepandisha mpira na kuchezesha wenzake. Mtu wa mita 2.03, aliyezoea kucheza namba nne, yaani fowadi mkubwa, kocha Gregg Popovich akampa mpira na kumwambia chezesha timu. Wazo si la kipuuzi. Timu ilikuwa imetoka kushinda mechi 22 na kufungwa 60, haikuwa na cha kupoteza. Na kiungo mrefu anaona juu ya vichwa vya mabeki, na kwenye ulinzi anaweza kubadilishana mtu na yeyote bila kuonewa. Kwenye karatasi linapendeza.

Uwanjani shida iko kwenye skrini. Kwa wageni: skrini ni pale mwenzako anaposimama kama nguzo, wewe unapita na mpira ukimgusa bega, beki wako anakwama kwenye hiyo nguzo. Beki huyo ana njia mbili. Apite juu, yaani akufuate kisogoni, au apite chini ya nguzo, akate kona na kukusubiri upande wa pili. Ukiwa mpigaji mzuri wa pointi tatu, hathubutu kupita chini, kwa sababu utasimama hapo hapo nyuma ya nguzo na kurusha. Sochan msimu wake wa kwanza aliingiza kama mitupo 25 tu katika kila 100 ya pointi tatu. Basi beki anapita chini huku anapiga mluzi.

Simamisha video pale skrini inapopigwa, usitazame mpira. Tazama visigino vya beki wa Sochan. Vikiwa ndani ya mstari wa pointi tatu, hatua mbili nzima ndani, hiyo pozesheni, yaani zamu ya kushambulia, imeshaharibika kabla haijaanza. Beki hajakwama, kwa hiyo yule mrefu anayemlinda Wembanyama hana sababu ya kutoka kusaidia. Hajatoka, kwa hiyo bado kamganda Wembanyama kiunoni. Kamganda, kwa hiyo pas ya juu haipo. Sochan anafika kwenye eneo la mitupo huru anakuta ukuta wa watu wawili, anageuka, anamrudishia mwenzake Devin Vassell mpira huku sekunde kumi na kitu zimeshaliwa kati ya zile 24 ambazo timu inapewa kurusha. Vassell anaanza upya na saa inamkimbiza, analazimika kurusha mtupo mgumu. Halafu kwenye maoni anatukanwa Vassell.

Na hata pas ya juu ikiwepo, ina ufundi wake. Ringi iko mita 3.05. Kumpa Wembanyama mpira hewani si kuutupa kuelekea kwake. Unautupa mahali ambapo hakuna mkono mwingine unaofika, juu ya kimo cha ringi, na unatakiwa utoke mkononi akiwa na hatua moja bado kabla ya kuruka. Ukichelewa nusu sekunde, keshapaa na anaanza kushuka, mpira unamkuta kifuani, na kifuani ndiko beki mfupi anakoupata. Kosa la pili ni kumpasia kama mtu wa mita 2.05, kwa mazoea tu. Macho ya mpasi yanakataa kuamini kimo kile. Mkanda wowote wa Spurs wa mwanzo wa msimu ule umejaa pas zinazomfikia chini mno, anainama kuziokota kama mtu anayetafuta funguo.

Tre Jones, kiungo wa asili, alikuwa anaingia kutoka benchi. Hapa niwe mkweli: Jones naye si mpigaji, na yeye mabeki wanampitia chini. Tofauti yake ni mwendo. Anaingia kwa kasi, anasimama ghafla, anamweka beki mgongoni mwake na kumbeba hivyo hivyo hadi yule mrefu alazimike kuchagua: nimzuie Jones au nibaki na Wembanyama? Akichagua tu, mpira umeshaondoka. Msimu ulianza na Sochan namba moja. Novemba na Desemba Spurs wakafungwa mechi 18 mfululizo. Sochan akarudi kwenye nafasi yake, na Januari 2024 Jones akarudishwa kuanza. Miezi mitatu ya kuthibitisha kitu ambacho visigino vya beki vilikuwa vinakisema Oktoba.

La pili ni Wembanyama mwenyewe kucheza namba nne, huku Zach Collins akiwa senta, yaani namba tano, mlinzi wa karibu na ringi. Sababu ilieleweka: kijana ana kilo 95, kwa nini umtupe kwa majitu ya kilo 120 yamsukume usiku kucha mechi 82? Collins abebe mizigo. Lakini gharama iko kwenye ulinzi. Namba nne wa siku hizi ni mpigaji, anasimama kona. Kwa hiyo mlinzi bora wa ringi unamweka kona, karibu mita 6.7 kutoka kwenye ringi anayotakiwa kuilinda. Ni kama kumpa askari bunduki halafu umpangie lindo kwenye geti la nyuma.

Ukirudia mkanda, hesabu kitu kimoja ambacho takwimu hazikiandiki: mara ngapi mchezaji wa Thunder anaingia ndani, anamwona Wembanyama, anaghairi na kutoa mpira nje. Bloku, yaani kuuzuia mtupo hewani kwa mkono, ni matangazo tu. Biashara yenyewe ni kule kughairi. Kisha jiulize Wembanyama alikuwa amesimama wapi kila ilipotokea. Tarehe 8 Desemba dhidi ya Chicago alipohamishiwa namba tano, alimaliza na pointi 21 na ribaundi 20, na hakurudi tena kuwa mlinzi wa kona. Msimu ule aliongoza ligi nzima kwa bloku, 3.6 kwa mechi.

Mapungufu yake nayo yalikuwa wazi, kama hukuwa bize na madanki. Mtu wa kimo kile akidunda, mpira una safari ndefu kutoka mkononi hadi sakafuni na kurudi. Safari hiyo yote ni nafasi ya mikono ya watu. Akidunda mara moja au mbili, sawa. Akifika ya tatu katikati ya watu, omba dua. Msimu ulipokwisha alikuwa anapoteza mpira karibu mara nne kwa mechi. Na miguu: akiwa mgongo kwa ringi, akisukumwa na mtu mzito anasimama wima badala ya kuketi chini kwenye magoti, na kila akisimama wima anasogezwa nje hatua mbili. Anaupokea mpira mbali, anaishia kurusha huku anaegemea nyuma. Unaingia, unapiga makofi, lakini ni mtupo ambao beki ameukubali kwa furaha.

Faulo ndilo jambo ambalo mechi ya maandalizi ililificha kabisa, kwa sababu ukicheza dakika 19 huna muda wa kuzimaliza zile sita zinazokutoa mchezoni. Mechi ya kwanza ya ligi, 25 Oktoba dhidi ya Dallas, faulo 5 ndani ya dakika 23, pointi 15, Spurs wakalala 126 kwa 119. Mkono mrefu ukishuka kutoka juu unagusa kitu tu. Ukibaki wima, mwamuzi anakuacha.

Wengine nitawapitia haraka. Keldon Johnson alitoka msimu wa pointi 22 kwa mechi kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kufunga. Anaingia ndani kama lori lisilo na breki, na njia yake ndiyo ile ile anayoitaka Wembanyama. Desemba akahamishiwa benchi, Julian Champagnie akaanza, si kwa kipaji zaidi bali kwa sababu anasimama kona na kurusha. Vassell nishamtetea. Collins mzuri wa pas, mzito wa miguu.

Na Holmgren? Yeye alionekana mtulivu kuliko Wembanyama, na ni kweli alikuwa. Thunder hawakumjengea nyumba mpya, walimpa chumba kilichokuwa wazi: namba tano, katikati ya viungo wanaojua kuingia ndani na kutoa. Wakashinda mechi 57 msimu ule. Spurs wakaishia 22 na 60, tarakimu zile zile za mwaka uliotangulia, wakiwa na Wembanyama, mchezaji mpya bora wa mwaka kwa kura zote.

Kabla hujafunga mkanda, subiri Sochan aende kwenye mstari wa mitupo huru. Anarusha kwa mkono mmoja. Mkono wa kushoto ameushusha kabisa, mpira umekaa kwenye kiganja cha kulia kama sahani ya mhudumu wa hoteli. Alianza Desemba 2022, watu wakacheka. Mkono wa pili ndio uliokuwa unausukuma mpira pembeni, kwa hiyo wameuondoa, basi. Msimu wa kwanza alimaliza na asilimia 69.8, wa pili 77.1. Haya, rudisha nyuma, tazama kiwiko.