Fundi wa Busia aliyenihesabia goroli

Kama habu ya nyuma ya baiskeli yako, yaani kile kitovu cha gurudumu, inalia krr krr ukiwa na mzigo, peleka kwa huyu mzee hapa Busia upande wa Uganda, anafanyia kazi chini ya mwembe karibu na soko. Mimi nabeba mahindi na makaa kwa baiskeli ya Kihindi ya inchi 28, na kuna mahali pengine walinifanyia sabisi wakasema wameweka goroli mpya, zile tufe za chuma ndani ya habu, wiki mbili tu gurudumu likaanza kucheza kushoto kulia. Iliniuma sana, maana baiskeli ndo inalisha watoto.

Mzee alifungua ekseli akamwaga goroli kwenye kifuniko akazihesabu mbele yangu, upande mmoja zilikuwa saba! Na mpya zimechanganywa na za zamani. Akaniambia, "Kijana wangu, habu hii inataka goroli za robo inchi, tisa kila upande, ukilazimisha ya kumi zinasagana." Kuchanganya hataki kabisa, kwa sababu zilizolika zimepungua ukubwa kwa hiyo zile mpya ndo zinabeba uzito wote. Akaosha kila kitu na mafuta ya taa, akanipitisha ukucha kwenye koni, kile chuma cha kwenye ekseli ambacho goroli zinakizunguka, nisikie vile imetoboka vishimo vishimo, akatoa koni mpya. Vikombe vya ndani ya habu, pale goroli zinapokaa, vilikuwa bado safi nashukuru, vikiisha ni habu mpya na kufuma spoki zote 40.

Lakini kazi yenyewe niliiona kwenye kukaza. Grisi ya kutosha, goroli moja moja, halafu koni anaiacha na mchezo kidogo sana kwa sababu ile nati ya kufungia ikikazwa inaisukuma ndani, anashika koni na spana nyembamba isizunguke nayo. Alirudia kama mara nne hivi, hakuchoka wala hakunikasirikia na maswali yangu. Mwisho akainua gurudumu akaliachia, upande wa valvu, ambao ni mzito kidogo, ukashuka chini wenyewe polepole, ukabembea, ukasimama, ndo ujue haijakazwa kupita kiasi.

Nililipa elfu kumi na tano pamoja na vipuri, mimi naona ni bei ya haki. Siku ya soko usiende, foleni ni ndefu na yeye haharakishwi, mimi nilikaa toka asubuhi mpaka saa nane. Na goroli ndogo za habu ya mbele zilikuwa zimemwishia, zile za kumi kila upande, kwa hiyo Jumatano narudi.