Matairi ya lori la mzigo: lami kilomita 700, tope kilomita 40

Njia yangu ni ya viazi. Napakia vijijini Makete, nashusha Dar es Salaam. Viazi havikusubiri pembeni mwa lami. Unavifuata shambani, kwenye udongo mwekundu ambao masika unateleza kama sabuni. Ukishatoka huko unashika lami, unashuka mteremko mkali wa Kitonga huku breki zinanukia, na Ruaha Mbuyuni joto linakupokea kama mdomo wa tanuri. Matairi ni yaleyale tangu asubuhi. Kwa hiyo mtu akiniuliza tairi gani zuri, namuuliza kwanza: katika kila kilomita mia unazokwenda, za vumbi ni ngapi?

Wengi wetu hatuhesabu. Tunakumbuka ile siku moja tuliyolala porini, gari limezama mpaka ekseli, tunakwenda dukani na hasira za siku hiyo. Ndivyo nilivyofanya. Nilifunga kashata kubwa, yale meno ya mpira yanayokanyaga chini, matairi yote kumi, mpaka stelingi, yaani ekseli ya mbele ya usukani. Tope nililiweza, sikatai. Lakini kashata nene hujipinda kila inapokanyaga chini, na kule kujipinda ndiko kunakozaa joto. Mpira ukiwa mnene, joto halitoki upesi. Nikifika Chalinze tairi halishikiki. Kashata zikaanza kumeguka vipande, matairi ya stelingi yakalika kwa mawimbi, usukani ukawa unanitetemesha mikono, na mafuta nayo yakapanda. Nilikuwa nimenunua tairi la kilomita 40 nikalitembeza kilomita 700.

Tangu hapo sinunui tairi la gari, nanunua tairi la ekseli. Na kabla ya jina la kampuni nasoma ubavu. Tuseme limeandikwa 315/80R22.5 156/150L. Ile 22.5 ni rimu ya tyubulesi, yaani tairi lisilo na tyubu. 156 ni uwezo wa tairi likiwa peke yake, yaani kilo 4,000. 150 ni uwezo wake likiwa pacha nyuma, mawili yakiwa yamefungwa pamoja, kilo 3,350 kila moja. Herufi L ni mwendo wa hadi 120 kwa saa, K ni 110. Kwa kuwa lori letu haliruhusiwi kupita 80, usikubali kulipia herufi ya juu zaidi. Lipia namba ya uzito. Sheria ya mizani ya Afrika Mashariki inaruhusu stelingi ya matairi mawili ibebe hadi tani 8: matairi mawili ya 156 ni tani 8 kamili, wakati mawili ya 152 ni tani 7.1 tu. Nyuma, kwenye difu mbili, zile ekseli zinazosukuma gari, zenye matairi manane, ile tani 18 inayoruhusiwa haimpi tairi hata kilo 2,300. Maana yake ni kwamba mbele ndiko kusikotaka ubahili, na wengi tunabana mbele tukidhani mzigo wote uko nyuma.

Sasa mpangilio wangu, kwa gari la tairi kumi linalotembea lami zaidi na vumbi kidogo.

Namba moja ni matairi ya kazi mchanganyiko, mbele yenye mistari, nyuma yenye kashata za wastani. Ndiyo yaliyotengenezwa kwa ajili ya njia kama yangu: mpira wake haukatiki ovyo kwenye mawe, na ukichungulia ndani ya mifereji utaona vinundu vya kutemea kokoto. Usivione vidogo. Jiwe likibanwa kwenye mfereji linachimba kila mzunguko mpaka lifikie nyaya za chuma zilizo ndani ya tairi, maji yakiingia nyaya zinashika kutu, na tairi unaloliona zima linapasuka siku ya jua kali. Kundi hili wamo Michelin X Works, Continental Conti CrossTrac, Goodyear Omnitrac na Bridgestone M840. Angalia herufi ya mwisho: Omnitrac S ni ya mbele na D ni ya difu, kwa X Works, Z inakwenda ekseli yoyote, D ni ya difu. Bei inauma. Ila hesabu kwa kilomita. Tairi la shilingi 900,000 likikupeleka kilomita 90,000, umelipa shilingi 10 kwa kilomita. La 600,000 likiishia 40,000, umelipa 15, na bado hujahesabu siku ulizolala njiani. Hizo ni namba za mfano. Weka zako, kanuni ni hiyohiyo. Tena mwili wa tairi zuri ukichakaa kashata unavishwa nyingine.

Namba mbili, na ndiko niliko mimi kwa sasa: mbele tairi la daraja la kwanza, nyuma la Kichina au la Kihindi, mradi liwe na mchoro wa kazi mchanganyiko na namba ya uzito inayotosha. Triangle, Double Coin, Apollo, haya yapo na mafundi wanayajua. Pacha wanne kila upande wanakupa nafasi ya kufika kwenye gereji mmoja akipasuka. Stelingi haikupi nafasi hiyo, hasa Kitonga.

Namba tatu, matairi ya lami tupu mbele na kashata kubwa nyuma. Linafaa kwa anayepakia mbao au viazi masika tu na vumbi lake likizidi robo ya njia. Akubali kelele na mafuta.

Namba nne, yaliyovishwa kashata mpya. Kwenye tela sina ugomvi nayo, kwenye difu inategemea aliyevisha na mwili alioanza nao. Stelingi, hapana.

Ya mwisho ni mtumba. Kinachoning'inizwa dukani ni kashata inayong'aa, kinachoua ni umri. Tafuta maandishi ya DOT ubavuni, soma tarakimu nne za mwisho, ndiyo tarehe ya kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikiwa zimekwanguliwa, rudisha mguu nyuma.

Kuna watu wataniambia nimesahau 12.00R20 ya tyubu. Sijaisahau. Ukienda kule ambako fundi pekee ni utingo wako na vyuma viwili vya kufungulia, tyubu bado ni rafiki, unaziba kwa kiraka na kuondoka. Lakini lile rimu lina ringi ya kufungia, na ringi isiyokaa vizuri ikirushwa na upepo inakata kichwa cha mtu. Toa upepo wote kabla ya kufungua, na wakati wa kujaza lifunge kwa mnyororo na usimame pembeni, usiliinamie.

Pacha wawe sawa kimo. Ukimfunga mpya pembeni mwa kipara, yule mrefu anabeba mzigo wa wawili, anachemka, anakufa, halafu unalaumu kampuni. Upepo pima asubuhi kabla hujawasha gari, kwa geji. Kugonga na nondo kunakuambia tairi limeisha kabisa au la, hakukuambii kama limepungua robo. Na mchana likiwa la moto usitoe upepo kwa sababu geji imepanda. Lazima ipande. Ukitoa, usiku litakuwa chini ya kiwango, kesho litajipinda zaidi na kuchemka zaidi.

Mimi tairi la stelingi naliondoa kina cha mifereji kikibaki milimita 4, linakwenda nyuma kumalizia umri wake. Na spea nanunua ya mchoro wa stelingi, 156 ileile, hata kama ni ghali. Tairi la mbele likipata pancha usiku pale mbugani Mikumi, sitaki kusimama muda mrefu kule nikiwaza kama hiki nilichonacho kinafaa kwenda mbele.